Firigisi ya Baba na Ukuta wa Alfa

Mwanangu, ile firigisi niliila mimi. Paka hakuhusika, ingawa nilimsingizia miaka mingi, naye akafa na jina baya.

Siku hiyo naikumbuka. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu kwa likizo, nyumbani Likuyani, na wakwe wa kaka yangu walikuja kututembelea. Kwetu firigisi ni ya mgeni mkubwa. Mzee wao alipekua mchuzi kwa kijiko, akapekua tena, kisha akamtazama baba. Baba akanigeukia.

"Iko wapi?"

"Paka, baba."

Hakunigombeza. Aliacha tu kunisemesha, hata nilipohamia Kakamega mjini kikazi. Kila Jumapili nilimpigia mama: "Mpe baba salamu." Naye: "Anapukuchua mahindi. Amesikia." Basi.

Kwa kuwa nilisomea fizikia, nilijifariji kifizikia. Ndani ya kiini cha atomu nzito, chembe ya alfa imezingirwa na ukuta wa nguvu uliozidi kimo cha nishati yake. Kuuruka haiwezi. Lakini chembe hiyo ni wimbi pia, na mkia wa wimbi hupenya ukutani. Kila inapogonga, ina bahati finyu ya kujikuta nje. Nikajiona chembe. Nagonga, nangoja. Mvumilivu hula mbivu, sivyo?

Nilisahau nusu ya somo, mimi niliyeupita mtihani wake kwa majivuno. Muda wa kungoja hutegemea nishati. Chembe dhaifu huweza kukaa mabilioni ya miaka. Yenye nishati zaidi kidogo hutoka upesi ajabu. Salamu zangu zilikuwa dhaifu, na baba alikuwa anazeeka.

Jumapili moja mama alichoka. "Wewe, salamu unatumanga kila wiki. Ukweli utatuma lini?"

"Mwambie nilikula mimi."

Basi mwanangu, wewe usiyesemezana na dada yako, usiache kugonga, ila usigonge kwa maneno yasiyokugharimu kitu. Ukuta si lazima ubomoke ndipo upite. Mungu akupe ujasiri, na akuwekee wa kukupokea ng'ambo ya pili.

Jioni ya Jumapili ile niliyokiri, simu yangu ililia. Namba ya baba.

"Ilikuwa imeiva?"

"Ilikuwa tamu, baba."

Akacheka hadi akakohoa. "Kuja Jumapili. Kuku iko. Lakini firigisi nakulanga mimi."