Bei ya Buibui Jike

Kuku humjui kwa macho. Unamshika, unapitisha kidole gumba kifuani kuona kama mfupa umetokeza kama kisu, unampulizia manyoya ya nyuma kuona kama ameanza kutaga, unamleta karibu na sikio usikie kama anakoroma mafua. Halafu unamtupia mwenyewe bei ya chini mpaka anune, naye anakutupia ya juu mpaka ucheke, na pale mnapochoka wote wawili ndipo bei ilipo. Hivyo ndivyo nilivyofanya biashara soko la Makina, Kibera, miaka mingi, mimi niliyetoka shule kabla ya kufundishwa kugawanya.

Buibui sikuwahi kuuza. Kwetu Kitui, tulipokuwa wasichana wa kuchunga mbuzi, tuliwachokoza tu. Wale wakubwa wenye manyoya, wa kujaa kiganja, wanaokaa kwenye mashimo ardhini. Unaingiza ubua wa nyasi polepole, anaukamata kwa hasira, unamvuta nje, mnakimbia. Hakuna aliyefikiri yuko mtu duniani angetoa shilingi kwa kitu kile.

Ya kuuza buibui yalinikuta baada ya kura za mwisho wa mwaka 2007, wakati Nairobi ilikuwa inaungua vipande vipande. Majina ya watu wote nitakaowasema ninayo kichwani, na ya baba zao pia. Siyaandiki. Siku zile ukitaja jina lako njiani, mtu anajua kabila lako na anajua akupeleke wapi, na tangu hapo nimekuwa mchoyo wa majina.

Nilikuwa nakaa Kambi Muru, huko huko Kibera. Soko lilikuwa limeungua, na kuku wangu walikwenda na moshi au walikwenda na watu, sikukaa kuuliza. Nililala na viatu. Bati likigonga naamka, mbwa akinyamaza naamka pia. Lakini moyo wangu haukuwa Kibera, ulikuwa Kawangware, kwa binti yangu, aliyekuwa na mimba ya kukaribia kujifungua. Kadi za simu zilikuwa zimeadimika kama sukari, na ukipata moja, unampigia mtu unaambiwa hapatikani. Asubuhi moja moshi wa matairi ukapungua kidogo, nikajifunga leso, nikatoka kwa miguu. Nikapanda Ngong Road hadi Dagoretti Corner, nikaingia Kawangware. Njia nzima nilikutana na wanawake wenye magodoro kichwani, wengine wakienda ninakotoka, wengine wakitoka ninakokwenda, kila mmoja akikimbilia kule mwenzake alikokimbia.

Nilimkuta binti yangu ameketi kitandani, miguu imevimba, begi limefungwa kando yake. Hakunisalimu kwanza. Alisema, "Mama, mimi sizalii hapa."

Hakuwa na kosa. Mkunga wa pale jirani alikuwa amehama, na usiku hakuna gari lililokubali kuvuka kwenda hospitali, maana barabara zilikuwa na vijana wenye mawe. Alitaka Kitui, kwa dada yangu, ambako usiku bado ulikuwa usiku. Lakini nauli ilikuwa imepanda mpaka haikufaa tena kuitwa nauli, na ndani ya nyumba ile hapakuwa na chochote cha kuuzika. Isipokuwa kile kilichokuwa juu ya kabati, ndani ya sanduku la kioo, kimefunikwa kitambaa.

Mume wake alikuwa akifanya kazi ya bustani na usafi kwa mzungu mmoja, ng'ambo ile ya nyumba za wakubwa. Mzungu alipoona moshi alipanda ndege, akaacha mshahara wa mwezi haujalipwa. Baadaye akapiga simu. Alisema, yule buibui wangu mchukue, muuze, pesa iwe mshahara wako. Mkwe wangu akambeba kwa gunia mpaka Kawangware, akipita njia za nyuma.

Niseme kwamba kwetu Ukambani mama na mume wa binti yake wanaoneana aibu. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaulizani mambo ana kwa ana. Chumba kile kilikuwa kimoja. Basi mimi nilikaa mlangoni nikitazama nje, yeye akasimama akitazama ukuta, na binti yangu katikati, na maneno yetu yote yalipita kwake kama maji kwenye mfereji.

"Mwulize ni jike au dume," nikasema.

Ukuta ukajibu kwamba ni jike, na ni mzima, amemaliza kukua. Kwamba jike huishi miaka mingi hata mtoto wa mtu akakua akaoa, lakini dume likikomaa halikawii kufa, kwa hiyo jike ndiye wa bei. Akampa mkewe kitu kwenye karatasi aniletee. Ilikuwa ngozi aliyojivua buibui, miguu yote minane, nyepesi kama ganda la kitunguu.

Nikainuka nikafunua kitambaa. Alikuwa yule yule wa utotoni, rangi ya udongo, ila amenona kuliko wale wetu. Nilimkagua kama ninavyokagua kuku, isipokuwa kwa macho tu. Tumbo lilikuwa la duara, halijanywea. Mguu mmoja wa nyuma mfupi, nikaambiwa ulikatika na unaota upya. Nikachomoa kijiti cha ufagio, nikamgusa, akainua miguu ya mbele na kufungua meno. Basi ana nguvu. Anakula mende na panzi, na anaweza kukaa muda mrefu bila kula.

"Anataka bei gani?" nikauliza.

Alitaka mshahara wake wa mwezi. Nikamwambia binti yangu amwambie kwamba mshahara ni deni la mzungu, si bei ya buibui. Kitu hakina bei ya shida ya anayekiuza. Ingekuwa hivyo, siku zile nyanya moja ingenunua nyumba. Wala hakina bei ya Ulaya, maana mnunuzi wa Ulaya hayupo, amepanda ndege. Hapo nikakwama. Kwa sababu kwetu anatoka bure kwa ubua wa nyasi, na hapa ni wa pekee, na kati ya bure na pekee sikuona pa kuweka kidole.

Mwenye ploti akaingia kabla sijapata. Alikuwa mwenyeji wa pale hasa, babu yake alilima viazi mahali tulipokuwa tumesimama. Alikuwa na vyumba vya kupangisha na duka la jumla barabarani, na tangu kura zitangazwe hakuwa amelala, macho yalikuwa mekundu. Watoto wa ploti walikuwa wamemwambia kuna mnyama.

"Shosho, umetoka Kibera mzima?" akanisalimu, kama wanavyomwita bibi kizee. "Na huyu umekuja naye?"

Nikamwambia yuko hapa kabla yangu, na anauzwa.

Alimtazama kwa mbali, mikono nyuma. Akauliza bei. Nikaona afadhali nianze juu, kama sokoni, nikataja bei ya mbuzi watatu. Nilingoja acheke. Nilikuwa nimeshaandaa na jibu la kumrudisha.

Alisema, "Sawa," akaingiza mkono mfukoni.

Binti yangu alifumba macho kwa furaha. Mimi sikunyoosha mkono kupokea. Nimeuza kuku kwa matajiri, nimeuza kwa maaskofu, nimeuza kwa mtu aliyekuwa anakimbilia mazishi, wote walipunguza. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa ukoo, na hakuuliza hata kama mnyama ni mgonjwa. Kitu kimoja tu ndicho mtu hakipunguzi bei, nacho ni dawa ya mganga. Ukiipunguza, haifanyi kazi.

Akauliza, sauti ya chini, "Nikimweka dukani, mwizi akiingia, atavimba tu ama atakula nyasi?"

Hapo nikaelewa. Siku zile habari zilikuwa zimeenea kwamba mahali fulani walioiba walianza kula nyasi kama ng'ombe, wakarudisha magodoro ya watu wakilia. Na mimi ni bibi kizee wa Kitui, ambako watu husema ndiko kwenye uganga, mwenye kijiti cha ufagio mkononi, niliyekuja kwa miguu nikasimama mbele ya mnyama asiyejulikana. Ungemlaumu vipi?

Nikamwambia, "Huyu ni mdudu tu, baba. Mimi ni mtu wa kanisa."

"Najua," akasema. "Huwa hamsemi."

Nikaapa. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyotikisa kichwa kwa heshima. Binti yangu akanivuta leso. Nilijua anachosema bila kusema, pesa ile pale, Kitui ile pale. Lakini niliona mbele kidogo. Duka likivunjwa, atakuja kutudai. Lisipovunjwa, ploti nzima itajua kuna wachawi chumba cha mwisho, na majira yale watu hawakuhitaji sababu kubwa kama hiyo. Na pia haikuwa bei. Bei isiyo na mabishano ni kama ugali uliopakuliwa kabla maji hayajachemka.

Nikaona dawa ni moja, nimfanye apunguze. Nikaanza kumchafua buibui wangu mwenyewe.

"Mwone mguu huu, mbovu," nikasema. "Na baridi inamsumbua, lazima umpe joto. Akitaka kujivua ngozi anagoma kula, utadhani amekufa. Tena ukipuliza dawa ya mende dukani, asubuhi utamkuta chali."

Aligeuka. "Dawa ya mende inamwua?"

"Ni mdudu. Itakosaje kumwua?"

 Niliona uso wake ukirudi kutoka mbali alikokuwa, ukawa tena uso wa mtu anayeuza sabuni kwa katoni. Akasogea mpaka kwenye kioo kwa mara ya kwanza. Akaona kinyesi pembeni na bawa la panzi.

"Mbuzi watatu kwa kitu kinachokufa na dawa ya mende!" akasema. "Shosho, wewe ni mwizi kuliko hao ninaowaogopa."

Sijawahi kufurahia tusi kama lile. Tukaanza. Akaniambia buibui hata chooni kwake wapo, bure. Nikamwambia amlete mmoja wa chooni tuwapime. Akasema wa kwangu ni kilema. Nikasema ni jike, atamwona mjukuu wake akioa. Akasema kwa hali hii hajui kama yeye mwenyewe ataiona Pasaka. Tulifika mbuzi mmoja na jogoo, tukachoka wote wawili, na nilijua hapo ndipo. Ilitosha nauli ya watu wawili mpaka Kitui. Wa tatu hapana.

"Lakini kama ni mdudu tu, unamnunulia nini?" nikamwuliza.

"Mimi ndio nimejua," akasema. "Mwizi hajui."

Halafu akaweka sharti. Yeye hamgusi, mende hashiki. Akamwelekezea kidole mkwe wangu: huyu abaki alale dukani amlishe, mimi nimpeleke binti.

Ilikuwa ndiyo desturi, mama kwenda na mwanawe kujifungua. Lakini kumlaza kijana yule kwenye duka la barabarani, majira yale, na kwa lugha ile anayoongea, ya watu waliokuwa wakiwindwa mtaa ule, nilijua ni kumfanya nini. Binti yangu akaanza kufungua begi. "Basi tunabaki wote," akasema. Na nilimwona jinsi alivyoshika kiuno.

Nilimgeukia mkwe wangu nikamtazama usoni, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu alipomwoa. Alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi, nami sikuwahi kulijua.

"Wewe ndiye utakwenda naye," nikamwambia. "Leo. Mimi nitalisha buibui."

Alitazama chini. Akajibu, "Ndiyo, mama," kwangu mimi, si kwa ukuta.

Mwenye ploti alinipima kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka malapa, akatabasamu. Nilijua anachokiona. Kwa bei ya mbuzi mmoja alikuwa anapata mdudu na bibi wa Kitui juu yake. Safari hii sikuapa.

Walipata basi lililoondoka na msafara wa polisi. Mimi nikawekewa kreti ya soda mlangoni mwa duka, sanduku la kioo kando yangu. Mchana nilikuwa nahesabu milima wanayopita. Jioni hakuna simu. Kesho yake hakuna simu. Nilikuwa nikisimama kila gari likipunguza mwendo, kisha najiuliza nimesimamia nini, nakaa. Chakula nilichopewa niliona kama mchanga. Buibui peke yake ndiye aliyetulia duka zima.

Siku moja kundi la vijana lilipita, mmoja na rungu. Wakasimama.

"Niaje, shosho. Ati huyo akiuma mtu, mtu anakula nyasi?"

"Huyu ni mdudu," nikasema. "Anakula mende."

Wakatazamana. "Umeskia venye amesema?" mmoja akamnong'oneza mwenzake. "Mdudu tu." Wakaondoka kinyumenyume, na yule wa rungu akaniaga kwa adabu kama mtoto wa shule.

Duka halikuguswa. La jirani upande wa pili lilivunjwa. Sijui, labda ni kwa sababu letu lilikuwa kwenye kona, linaonekana pande zote. Mwenye ploti hakutaka kusikia habari ya kona.

Simu ilikuja kwenye simu yake, mchana, akiwa anapima mchele. Alisikiliza, akaniletea mbio huku mchele unamwagika. Aliyekuwa upande wa pili ni mkwe wangu. Aliongea nami moja kwa moja, pole pole, kama mtu anayevuka daraja la miti. Alisema, "Mama, ni msichana. Wote wazima." Nyuma yake nilisikia kilio, chembamba, chenye hasira, na sauti ya dada yangu ikiagiza maji.

Nikamrudishia mwenye ploti simu, nikaanza kufunga leso; nauli ningeibishania njiani.

"Unaenda wapi? Na huyu nani atamlisha?"

Nikamwonyesha kopo la mende. Alikataa, akasihi, akasema mkono wake utakufa. Nikamwambia mjukuu wangu yuko Kitui na mimi niko Kawangware, na hilo ndilo jambo lisilowezekana, si mende. Alimshika mmoja kwa karatasi, uso umegeuzwa pembeni kama anayedungwa sindano, akamwangusha ndani. Tukasikia vumbi likitimka kwenye kioo. Alipofungua macho nilikuwa nimeshashuka ngazi, nauliza watu wa barabarani kama magari ya Machakos, njia ya Kitui, yameanza kutembea.