Mulumula wa Kambere

Popote alipokaa, Kanyere aligeuza kwanza kiti chake kielekee Beni. Jikoni, kwa majirani, hata katika ua wa parokia pale Butembo, ambako wengine wote waliitazama altare ya sikukuu, yeye aliinua kiti, akakizungusha, akakaa akiwapa watu mgongo. Walimzoea. "Mama anachunga njia," walisema. Jokébed, mke wa mwanawe, alijua si njia iliyomshughulisha. Ng'ambo ya Beni, ndani ya mipaka ya Parke, hifadhi ya wanyama, ndimo alimolala Kambere, mwana wa pekee wa Kanyere.

Familia nyingi zililima huko, siku zile ambazo hakuna aliyejali tena Parke inaanzia wapi. Vita vilipofika, Kambere alipigwa risasi katikati ya mihogo yake. Jokébed alikuwa Butembo, ndiyo kwanza amejifungua Sagesse. Kanyere na jirani yao Melchior walimzika saa ileile, wakachomeka mulumula kichwani pa kaburi, wakakimbia. Mulumula ni mti mwembamba wa majani marefu. Kwao hupandwa juu ya kaburi, hupandwa pia mpakani mwa shamba, maana hauombi maji wala haufi upesi. Kisha askari wakafunga njia. Melchior akafia Mangina. Jokébed akabaki mjane asiyewahi kuliona kaburi la mumewe. Alipomwota, Kambere alikuwa amesimama tu, kama mgeni asiyekaribishwa kuketi.

Baada ya miaka kadhaa ikaja habari kwamba wenye mashamba wameruhusiwa kuingia siku moja, wang'oe chakula chao. Baada ya hapo, basi.

Kwenye kizuizi, askari aliyetoka jimbo la mbali alimtazama Kanyere, aliyefika na Jokébed bila kikapu wala gunia.

"Mama mukubwa, kitunga yako iko wapi? Benzako banakuya na magunia."

"Sikukuya kung'ola mihogo, baba."

"Donc unakuya kutembea? Touriste?" Foleni ikacheka. "Bien, touriste, utaona tembo. Mais saa kumi utoke. Kisha saa kumi, sisi hatujue mutu."

"Asante, baba."

Shamba lilikuwa limemezwa na majani. Ndani yake ilisimama mulumula, si mmoja, bali kichaka kizima. Kanyere alisimama, mdomo wazi. Polepole alikumbuka: machela ya kumbebea Kambere waliikata kwenye mpaka, miti ya mulumula, na walipomaliza kuzika waliitupa hapohapo. Vipande vya kuzuia udongo kaburini, vilevile. Fimbo ya mulumula ukiitupa chini, inaota. Nayo ilikuwa imeota yote, na sasa yote ilikuwa na kimo kimoja.

"Mama, ni upi?"

"Huyu. Hapana, ngoja. Pale kulikuwa jiwe."

"Jiwe gani?"

"Ile ya kunolea panga. Kambere alikuwa anaikaliaka."

Walilitafuta jiwe. Jokébed alifyeka hadi viganja vikachubuka, akapapasa ardhi kwa mikono akitafuta mahali palipoinuka. Mvua ilikuwa imesawazisha kila kitu. Alimwita mama mkwe kwenye kila mti, na kila mti Kanyere aliushika, akaufikiri, akatikisa kichwa. Mwanamke mmoja aliyepita na gunia kichwani aliwaonea huruma. "Mungeng'ola hata kidogo, bamama. Batoto batakula nini?" Waliendelea kutafuta. Mihogo ilibaki ardhini, na jua likaanza kuondoka juu ya vichwa vyao.

Filimbi ikalia kizuizini. Jokébed akaketi chini, akaegemeza mgongo kwenye shina moja, akafunika uso kwa kikwembe alichojifunga. Alilia bila sauti.

"Nitamuambia Sagesse nini, Mama? Baba yako iko mu majani?"

Kanyere alimtazama kitambo. Kisha akaja, akaweka kiganja juu ya shina lile, juu kidogo ya kichwa cha mkwewe.

"Njo huyu mwenyewe."

"Uko hakika?"

"Miye njo nilimupanda."

Jokébed aliukumbatia mti ule kama mtu, akaueleza habari za mtoto, haraka haraka, kwa maana filimbi ililia tena. Walikata tawi, wakalifunga katika kikwembe, wakatoka mbio.

"Touriste," askari aliuliza, "uliona tembo?"

"Tuliona, baba."

Tawi lilipandwa Butembo, nyuma ya jiko, upande wa kusini wa ua. Padri aliombwa, misa ikasomwa. Sagesse alifundishwa kuusalimu mti huo kila asubuhi kabla ya shule. Jokébed alianza kulala. Katika ndoto zake Kambere sasa alikuwa ameketi.

Lakini Kanyere hakugeuza kiti kuuelekea mti ule. Mulumula ulirefuka mgongoni mwake, naye akazidi kutazama Beni. Jokébed aliona ni mazoea. Kisha, mwaka baada ya mwaka, akaona si mazoea, akaogopa kuuliza.

Aliuliza mwisho kabisa, Kanyere alipokuwa hawezi tena kushika kikombe, uso wake umeelekezwa ukutani, upande uleule wa Beni.

"Mama, mulumula yetu. Njo ile kweli?"

Kanyere alipapasa, akapata mkono wa mkwewe.

"Ulikuwa umechoka sana, mwanangu," alisema. "Nilionyesha ile ulikuwa umeegemea."