Dawa ya Kupe Chini ya Kitanda cha Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Kenyenya, nilivaa viatu vyeupe. Sista Msimamizi, mkubwa wetu wa uuguzi wa jamii, aliviangalia, akaniongoza kwenye tope bila huruma. Tulipofika kwa mgonjwa akaniambia, "Chumba cha kulala ndiyo stoo ya mkulima. Usipoona dawa ya shamba, tumia pua."

Huko ndiko kupima hatari ya kemikali, nyinyi vijana mnaobofya simu. Unatafuta ni dawa gani, inaingiaje mwilini, kwa mdomo, ngozi au pumzi, na nani analala karibu nayo. Nilinusa vyumba kutoka Kenyenya hadi Nyamira, na hakuna aliyenifukuza.

Halafu wakanihamishia Marani, nilikoolewa. Makubwa! Baba mkwe alikuwa akiamka na kichwa kinamgonga, machozi na mate yakimtoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje za wimbi. Majirani walisema amerogwa. Mimi nilijua ni sumu ya wadudu, na niliogopa sana, maana ikizidi mtu hukata pumzi. Lakini kwetu kuna chinsoni, heshima ya wakwe: mke wa mtoto haingii chumbani kwa baba mkwe, liwe liwalo. Nilimuuliza kama ameweka dawa humo. Akanijibu kwamba ya chumbani kwake hayanihusu.

Basi nikamwendea mama mkwe jikoni, nikasema kwa upole kwamba huenda ni kunguni.

Weee! Nyumba yake, kunguni? Alitoa mablanketi, akaburuta godoro hadi uani majirani wote wajionee. Godoro lilinuka josho la ng'ombe. Kumbe chini ya kitanda kulikuwa na mtungi wa dawa ya kupe, umefichwa wezi wasiuibe, nao unavuja. Nilimzuia asiuguse, nikamnawisha kwa sabuni hadi kwenye viwiko, na shemeji akautoa kwa glavu zangu. Mzee alikataa kwenda hospitali mpaka mtungi ufungiwe bandani. Alilazwa Kisii ufunguo ukiwa mkononi, akapona.

Nilipostaafu walinichinjia mbuzi. Nimesahau majina ya dawa nyingi, lakini pua bado inafanya kazi. Mzee alisimama na fimbo yake.

"Mama Moraa hajawahi kukanyaga chumba changu," alisema. "Lakini ni yeye alinitoa humo nikiwa hai."

Watu walipiga makofi, nami nikalia. Mama mkwe alingoja wanyamaze.

"Sasa waambie," akasema, "kwamba hakukuwa na kunguni."