Ukunga wa Saa Nne

Jirani yangu Opal Kittredge alikuwa analipwa kwa kupiga ukunga, yaani mayowe ya hofu. Sitanii. Ukiona kwenye sinema mrembo anafunua jeneza, anapanua kinywa, halafu ukumbi mzima unasisimka, ujue sauti ile si yake. Wale warembo wakipiga kelele husikika kama paka aliyekanyagwa mkia. Sauti ni ya Opal, mama wa miaka hamsini na mitatu, mnene wa kutosha, mke wa mgawa maziwa wa hapa hapa mtaani kwetu Reseda, aliyesimama studio na soksi miguuni, uso ameuelekeza ukutani.

Aliipata kazi hiyo bila kuitafuta. Alikwenda kwa Mort Zelnick, mtengenezaji wa sinema za kutisha, kushona majoho ya wafu, panya akampitia juu ya mguu, akapiga ukunga, na fundi wa sauti alikuwa hajazima mashine ya kurekodi. Zelnick ni mtu wa kutengeneza picha nzima kwa siku tisa, kasri lake ni lile lile la mbao miaka nenda miaka rudi, linabadilishwa rangi tu. Aliposikia mkanda ule alimwambia Opal aweke sindano chini. Ikawa miaka kumi na tisa.

Kila ukunga wake aliupa namba. Wa saba ulikuwa wa popo. Wa kumi na moja, mkono unaotoka kaburini. Wa kumi na nne ulikuwa wa zimwi la kinamasi, na huo ndio niliupenda mimi, kwa sababu ulianza chini kama mtu anayekohoa kisha ukapanda mpaka mbwa wa mtaa wa tatu wakajibu. Mwenyewe aliipenda kazi ile kupita kiasi. Aliniambia mara nyingi kwamba akitoka pale kwenye maikrofoni hujisikia ameoga.

Sasa sauti ni kama mkate, inataka kukandwa kila siku. Kwa hiyo kila siku ya kazi, saa nne kamili asubuhi, Opal aliingia gereji yake akapiga ukunga mara tatu. Mtaa ulizoea. Bwana Nakashima wa ng'ambo ya barabara alikuwa akizima mashine yake ya kukatia majani ilipofika saa nne, kwa heshima, akasubiri amalize, kisha akaiwasha tena. Mimi, Verna Stoddard, mjane niliyepika shuleni miaka ishirini na sita na sina subira na chakula kibichi wala kazi nusunusu, nilikuwa namwonyesha alama kwa vidole juu ya uzio akitoka gereji. Sikuwahi kutoa kumi. Anayepewa kumi hulala.

Mwaka sitini na saba, mwezi wa tisa, Zelnick akaleta kijana wa kuongoza picha, Curtis Haldane, ndevu zake zenyewe zilikuwa bado zinajifikiria. Picha ilikuwa hivi: mama yuko nyumbani anatazama kwenye televisheni filamu ya zamani ya zimwi. Zimwi linatokea, anapiga ukunga, anajicheka. Halafu mlango wa jikoni unafunguka na anaingia mwanamume wa kawaida kabisa, ana bastola. Anapiga ukunga wa pili.

"Wa pili uwe mkubwa kuliko wa kwanza," Opal alinieleza Jumatatu. "Curtis anasema watu hawaogopi tena mazimwi, wanaogopa jirani."

"Mimi ndiye jirani yako. Unaniogopa?"

"Naogopa kitoweo chako cha samaki, shoga."

Kurekodi kulipangwa Ijumaa.

Jumatano, saa nne, nilikuwa nyuma ya nyumba nikizoa majani kwa reki. Nikasikia mashine ya Nakashima inazimwa. Nikainua kichwa nisikilize. Kimya. Nikarudi kwenye majani, nikajisemea labda anakunywa maji ya limau. Kimya bado. Mashine nayo haikuwaka, kwa sababu Nakashima ni mtu wa adabu, angesubiri mpaka Krismasi. Kimya kile kikanikera, halafu kikaacha kunikera, kikaanza kunitambaa mgongoni. Nikapita kwenye pengo la uzio, reki mkononi, nikausukuma mlango mdogo wa gereji.

"Opal! Umekufa au unatengeneza nywele?"

Opal alikuwa amesimama ameegemea meza ya kushonea, mikono ameikunjia tumboni. Mbele yake alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini, shati jeupe, tai, nywele zimechanwa vizuri. Ungedhani anauza bima. Bastola ilikuwa ndogo, ameishika chini kiunoni kama mtu anayeionea haya.

"Habari ya asubuhi, mama," akaniambia.

Nami nikamjibu! Nikamjibu, "Nzuri, mwanangu." Nimekasirika miaka yote hii kwa jibu hilo.

"Anataka gari," Opal akasema, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni msalani. Halafu akamgeukia yule bwana. "Huo mlango mkubwa hukwama. Nyanyua kwanza upande wa kushoto."

Akaunyanyua upande wa kushoto. Akasema asante. Akaingia kwenye gari la kijani la mumewe Opal, akalirudisha nyuma polepole asiguse maua, akaondoka. Nakashima alimpungia mkono.

Askari walitueleza baadaye kwamba saa mbili asubuhi ile bwana yule alikuwa amempiga risasi msimamizi wake kwenye duka la mazulia. Msimamizi hakufa, namshukuru Mungu, ila anachechemea. Huyo mwenye shati walimkuta mji wa Bakersfield mchana, anakula chapati za maji na asali.

Askari walipokwenda zao, Opal akaketi jikoni kwangu. Nilimwekea chai, hakuinywa.

"Verna," akasema, "nisingeweza kupiga hata kama ningetaka. Lakini sikia. Na kama ningepiga ukunga, je?"

Nikaelewa anakoelekea, sikutaka afike.

"Kunywa chai."

"Ungenipa alama."

Nililia pale pale, mimi ambaye hata msibani kwa mume wangu nilijikaza. Kwa sababu ni kweli. Angepiga ukunga wa maisha yake, ningesimama na reki yangu nikaonyesha vidole saba, na Nakashima angewasha mashine.

Alhamisi akaingia gereji saa nne, mimi nikiwa nimesimama naye. Akavua viatu, akaugeukia ukuta, akavuta pumzi. Haikutoka kitu. Akajaribu wa saba, wa popo, ule rahisi kuliko yote. Hakuna. Jioni Zelnick akapiga simu, akasema pole sana mama, gari litarudishwa, ila studio imeshakodiwa Ijumaa, na kuna msichana wa Burbank yuko tayari. Opal akaweka simu chini taratibu. "Nikikosa kesho, Mort hataniita tena," akasema. "Nitarudi kushona majoho ya wafu." Hapo ndipo nilipomwona ana hofu kweli, kuliko siku ya bastola.

Ijumaa nikampeleka kwa gari langu. Yule msichana wa Burbank alikuwa ameketi kwenye korido akila peremende za koo. Nikamtazama kwa jicho lile la jikoni shuleni, akahamia kiti cha mbali.

Studio ilikuwa chumba kidogo, mazulia mpaka ukutani. Zelnick alikuwa nyuma ya kioo na sigara yake, Curtis pembeni na karatasi zake. Wakaonyesha picha: mama sebuleni, televisheni, zimwi linatoka majini, na unaona kabisa zipu mgongoni. Opal akalitazama lile zimwi. Namjua, niliona mabega yake yakilegea. Akalitazama kama mtu aliyekutana na mjomba wake sokoni. Na ukunga wa kumi na nne ukatoka, kutoka chini, kama kikohozi, ukapanda mpaka kioo kikatetemeka. Zelnick akapiga makofi. Nami nikainua vidole tisa, machozi yananitiririka.

"Safi, mama!" Curtis akasema kwenye kipaza sauti. "Sasa wa pili. Mkubwa zaidi. Toa roho!"

Picha ikaendelea. Mlango wa jikoni ukafunguka. Mwanamume wa kawaida, bastola. Yule mrembo anayeigiza mama akafumbua kinywa. Opal hakupiga ukunga. Akavuta pumzi kidogo, ile ya mtu aliyeingiza mguu kwenye maji baridi, na pumzi ikabakia humo humo ndani. Kisha akasema, kwa adabu kabisa:

"Huo mlango hukwama. Nyanyua kwanza upande wa kushoto."

Fundi wa sauti akaondoa mkono kwenye mashine.

"Mama Kittredge," Curtis akasema, "hiyo haimo kwenye maandishi. Mwanamke ameona bastola! Lazima apige kelele."

"Umewahi kuona bastola, mwanangu?"

"Mimi? Kwenye sinema."

"Basi kaa chini," nikamwambia, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Zelnick alikuwa hajavuta sigara muda mrefu, majivu yameinama. Mzee huyu alitoka Ulaya akiwa mtoto, na habari za bunduki alizoziona huko hakuzisimulia. Akasogea kwenye kipaza sauti.

"Acheni hivyo hivyo," akasema. "Mrembo mtampiga picha tena, akifuata maneno hayo. Opal, rudia, nataka mkanda wa akiba." Halafu akatoa kichwa koridoni. "Binti, nenda nyumbani, tutakuita."

Picha ilipotoka tulikwenda sinema mtaa mzima, Nakashima amevaa koti. Zimwi lilipotokea, watu walicheka na kurushiana bisi. Mlango wa jikoni ulipofunguka, na ile sauti ya upole ikasema kuhusu mlango, nilisikia mtu nyuma yangu akiacha kutafuna.

Opal amerejea kwenye mazoezi yake. Kila siku ya kazi, mara tatu, na anakula vizuri na analala. Mimi pia nina kazi mpya, ya kuangalia saa. Juzi saa nne ilifika, mashine ya Nakashima ikazimwa, pakawa kimya. Saa nne na dakika mbili nilikuwa mlangoni pa gereji na reki, na Nakashima alikuwa nyuma yangu na mkasi wa miti.

Opal alikuwa ameshika simu, anaongea na dada yake. Akatutazama, akaziba mdomo wa simu kwa kiganja.

"Jamani! Dakika mbili tu!"

"Mbili ni nyingi," nikamwambia. "Piga, twende zetu."

Akaweka simu mezani, akavua viatu, akaugeukia ukuta, akapiga. Nakashima akainamisha kichwa, akarudi kwenye majani yake. Nami kwa mara ya kwanza nikatoa kumi.