Ringi Iliponyamaza

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, Mama Fidelis aliingia uani kwetu na kikapu kimejaa uyoga, akauliza kama mama ameshafika. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda akitengeneza nira ya ng'ombe. Kabla ya kujibu aliitazama saa yake ya mkono, ile ya kutia ufunguo, na ndiyo maana nyumbani kwetu wakati huo ulijulikana mpaka kwa dakika. Maisha yake yote aliutaja hivyo hivyo, hakuwahi kusema "kama saa kumi hivi".

"Afike wapi?" aliuliza. "Si mlikwenda wote?"

"Sisi tulidhani ametangulia, shemeji."

"Ametangulia na nani?"

Mama Fidelis aliweka kikapu chini. 

Nyie wenzangu mliokulia vijiji vya Mpimbwe vilivyo chini ya milima, Januari ya enzi zetu hamhitaji kuelezwa. Tulikwenda shule fagio mkono huu, kidumu cha maji mkono ule, na matope yakipanda mpaka magotini. Mvua ikinyesha siku mbili jua likachomoza, kina mama walipanda mlimani alfajiri kuchuma uyoga, na jioni kijiji kizima kilinukia uyoga uliochemshwa na karanga za kutwanga. Wanangu leo nikiwawekea uyoga mezani wanaugeuza geuza kwa kijiko kama watu wanaotafuta ushahidi.

Juu ya kijiji kulikuwa na jabali refu, jeusi, limesimama wima kama ukuta. Chini yake tulicheza kombolela. Mwenzako akijificha na kupiga kelele, sauti iligonga jabali na kutokea upande mwingine kabisa, nawe ukakimbilia kusiko na mtu huku wengine wakikucheka. Ukicheza pale mwaka mzima unazoea. Unaposikia sauti upande huu, miguu yenyewe inakwenda upande ule. Hakuna aliyetufundisha, na sisi hatukudhani kwamba yupo mtu asiyejua.

Mama hakuchezea pale. Alizaliwa Shanwe, Mpanda mjini, binti wa fundi cherehani, akaja kwetu kwa ndoa. Mlimani alikuwa amepanda mara chache tu, kila mara nyuma ya wenzake. Siku ile ukungu ulishuka ghafla. Wanawake waligawanyika makundi mawili kuukimbia, na kila kundi likaamini Mama Skola yuko na lile jingine. Skola ni dada yangu, kifungua mimba. Mimi namfuata.

Kule kwetu mtu akipotea mlimani, jambo la kwanza lilikuwa kupiga ringi. Ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa mtini nje ya kigango, na Jumapili ndiyo iliyotuita kwenye ibada. Mtu akipotea ilipigwa kwa kipande cha nondo bila kupumzika, watu wakipokezana, mpaka arudi. Akirudi, wanawake walipiga vigelegele na ringi ikaacha. Ikiacha bila vigelegele, kila mwenye masikio alijua kwamba imepatikana maiti, akachukua kanga yake na kwenda msibani. Haikuwa na maana ya tatu.

Baba alikimbia mpaka kigangoni na kuishika nondo mwenyewe. Alipiga kama mtu anayevunja mlango. Mimi na Skola tulisimama karibu naye tukiutazama mlima, lakini kilichoonekana ni ukungu tu, na juu yake weupe hafifu mahali palipokuwa na jua. Watu walifika kutoka mashambani na majembe yao. Kila mmoja alitaka kushika nondo, baba akawakatalia. Mikono yake ilianza kuchubuka.

Walikuwepo wanaume saba au wanane tuliowaita watu wa mlima. Hawakuwa na cheo wala mshahara. Walikuwa warina asali na wakata miti, wenye mizinga huko juu, na ringi ikilia waliacha walichokuwa wakifanya na kupanda. Kiongozi wao alikuwa kaka yake baba, tuliyemwita baba mkubwa Zeno, mtu mfupi, mwenye maneno makali na filimbi ya bati shingoni. Siku ile hakutokea mashambani kama wengine. Alishuka kutoka mlimani, nguo zimelowa, bado ananuka moshi wa kufukuzia nyuki.

Tulidhani amekuja kuuliza nani amepotea. Alikwenda moja kwa moja kwa baba.

"Mdogo wangu, acha kupiga."

Baba akapiga.

"Nimesema acha. Natoka juu sasa hivi, kwenye mizinga. Ukiwa kule ndani ya ukungu, ringi hii inalia korongoni, nyuma ya jabali. Sisi tunaijua, tukiisikia tunaipa mgongo. Mkeo anajua?"

Baba alisimamisha mkono hewani. Nakumbuka alivyomtazama kaka yake, kisha akatutazama sisi, kisha akapiga tena, safari hii polepole.

"Nikinyamaza watu watalia," alisema. "Wanangu hawa hapa."

"Waache walie. Kila ukipiga unamwita shimoni."

Mama Fidelis alipaza sauti. "Shemeji Zeno, ringi haijawahi kunyamazishwa namna hiyo! Huo ni uchuro. Mwenzetu yuko hai nyie mnamzika?"

"Wewe uliyemwacha ndiyo unifundishe?"

Lilikuwa neno baya, na yeye mwenyewe alilijua, maana aligeuza uso. Mama Fidelis akakaa chini palepale kwenye matope. Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia kwa sauti, ile sauti ya msiba, na wengine wakamfuata.

"Nani amekufa?" baba mkubwa aliwauliza. "Nionyesheni maiti. Kama hakuna maiti, fungeni midomo, tunataka kusikia."

Baba alibaki na ile nondo. Nilikuwa na miaka tisa, nami nilitaka kwa moyo wangu wote asiache. Niliamini, kama ninavyoamini kwamba hiki ni kiganja changu, kwamba ringi ikinyamaza mama atakufa wakati uleule, popote alipo. Nilimshika shati. Alinitoa mkono taratibu, akampa Skola nondo.

"Shika. Akija mtu yeyote kupiga, mkatalie. Hata awe padre."

Kisha yeye na watu wa mlima wakaingia kwenye ukungu.

Sijawahi kusikia ukimya wa aina ile tangu hapo. Ng'ombe walikuwa wakilia, mtoto wa mtu alikuwa akikohoa, lakini tulichokisikia ni ile ringi isiyolia. Huko mashambani watu walioisikia ikikatika walijua maana yake, wakaanza kuja. Mzee mmoja alifika akihema, akamwuliza Skola, "Wamemkuta wapi?" Skola akajibu, "Bado anatafutwa." Akaja mwingine, "Poleni wanangu." Skola, "Bado anatafutwa." Katekista wetu alikuja na kitabu cha sala za wafu mkononi. Alipotuona tumekaa chini ya ringi alikiingiza ndani ya koti, akajifanya amekuja kukagua paa la kigango kama linavuja. Alilikagua kwa muda mrefu sana.

Ndipo tukasikia filimbi ya kwanza, mbali, mlio mmoja mfupi.

Watu wa mlima walikuwa na utaratibu ambao mpaka leo sijauona mahali pengine. Walijipanga mstari, kila mmoja akimsikia jirani yake akikohoa. Kiongozi alipuliza mara moja tu. Baada ya hapo hakuna aliyesogeza mguu. Kila mmoja alisali Salamu Maria moja moyoni, toka mwanzo mpaka Amina, akisikiliza. Kama hakuna jibu, hatua kadhaa mbele, filimbi, Salamu Maria. Hawakuita jina. Walisema anayeita jina anasikia sauti yake mwenyewe tu, na aliyepotea hupoteza pumzi kwa kuitikia kabla ya wakati.

Nami nikaanza kusali pamoja nao. Kwa hofu niliyokuwa nayo nilifika Amina haraka haraka, na filimbi isipolia niliona wameshakata tamaa. Skola akanipiga kofi la begani. "Polepole! Wao wanasali polepole." Tukasali wote wawili kwa kunong'ona, neno kwa neno, yeye amekumbatia nondo kama mtoto mchanga. Filimbi. Salamu Maria. Filimbi. Ule weupe uliokuwa juu ya ukungu ulikuwa umeshuka na kugeuka rangi ya chai. Kila mtu pale alijua kwamba giza likiingia, fisi wanateremka na chui anatoka, na watu wa mlima wangelazimika kurudi.

Kisha filimbi ikalia, na baada ya Salamu Maria moja haikulia. Baada ya ya pili haikulia. Mama Fidelis alisimama. Mara ikalia mfululizo, bila kukata, mpaka nikadhani aliyeipuliza atapasuka.

Maana yake: wamemkuta. Lakini filimbi haikuweza kusema wamemkuta vipi. Kwa hiyo hakuna aliyepiga kigelegele, na hakuna aliyelia. Mlio ulikuja ukishuka nao polepole, nasi tukingoja kuona kama watu wanaoshuka wamebeba kitu mabegani. Katekista alisimama karibu yetu, mkono ndani ya koti.

Hawakubeba kitu. Mama alikuwa anatembea. Baba alimshika kiuno, naye alikuwa amelowa chapachapa, kiatu kimoja hana, kanga imeraruka. Skola aliitupa nondo na tukamkimbilia. Alitushika vichwa wote wawili, lakini macho yake yalikuwa kwa watu waliojaa pale kigangoni, na maneno yake ya kwanza hayakuwa ya kushukuru.

"Kwa nini mliacha kupiga?"

Vigelegele vilivyokuwa vimeanza vikakatika.

"Nilikuwa nakuja," alisema, na hapo akaanza kulia. "Nilikuwa naifuata ringi, naisikia kabisa, nakaribia. Mkaacha. Nikasema basi, wameniacha. Miguu ikaisha nguvu, nikakaa chini."

Baba mkubwa Zeno alikuwa anakung'uta filimbi yake mate, akasema tu, "Shemeji, kabadili nguo, utaugua."

Kwa wiki nzima mama hakumsalimia. Akimwona njiani aliinamisha kichwa na kupita. Sisi watoto tulichanganyikiwa, maana tulifundishwa kupiga magoti tukimwona. Jumapili iliyofuata, siku ya jua kali, baba alimwambia mama avae viatu, wakapanda wote watatu, wao na baba mkubwa. Skola na mimi tulikatazwa kwenda, na tulikwenda, tukijificha nyuma ya miti. Walimpeleka mpaka alipokaa siku ile. Nyasi zilikuwa bado zimelala. Hatua chache mbele ya nyasi hizo ardhi ilikwisha, na chini kabisa korongoni tuliona mawe na vilele vya miti. Baba mkubwa aliokota jiwe, akalirusha. Tulingoja sana kusikia likifika.

Jioni mama alichinja jogoo, akapika wali, akaupeleka mwenyewe kwa baba mkubwa, akapiga magoti mlangoni. Nilisikia akisema, "Shikamoo baba." Aliitikia, "Marahaba mama. Umeweka nyanya?"

Siku hizi mimi mwenyewe ni mmoja wa watu wa mlima, pamoja na vijana wa bodaboda wa Majimoto. Tuna makoti ya mvua, tochi za kuvaa kichwani na kundi la WhatsApp. Masika yaliyopita kijana mmoja alipanda kwenda kujipiga picha mawinguni, ukungu ukamfunika. Alipiga simu mara moja, akasema anaona mti mkubwa. Mlima mzima ni miti mikubwa. Kabla hatujamuuliza zaidi, mama yake, shangazi zake, wanafunzi wenzake na watu wasiomjua kabisa walianza kumpigia, wote, kwa upendo mtupu, mpaka simu ikazima. Kundini zilijaa picha za mikono ya kuomba na mishumaa, na vijana wawili walikuwa wanarusha tukio moja kwa moja kutoka barabarani, huku honi za pikipiki zikilia mlima mzima ili ajue tupo.

Mama yangu ni mzee sasa, anatembea na fimbo. Alitoka nje akawauliza, "Nyie, mnamtafuta au mnamfukuza?" Walicheka, wakamwita bibi mkali. Lakini walizima. Tulimpata kesho yake asubuhi, mguu umevunjika, yuko hai. Nawapenda vijana hawa. Wana mbio kuliko sisi na hawajui kuogopa. Ila kuwapanga mstari na kuwanyamazisha kwa muda wa Salamu Maria moja ni kazi ngumu kuliko kupanda mlima wenyewe, na nikikaa nao gizani, simu zao zikitetemeka mifukoni, nawakumbuka wale wanaume saba au wanane waliokuwa wakisikiliza kwa mwili mzima. Wote wameshakufa.

Utafutaji wa yule kijana tuliuchangia mafuta, vocha na dawa, ukafika shilingi laki moja na elfu arobaini. Kwa mama yangu, baba alitaka kuuza ndama awalipe watu wa mlima, baba mkubwa akakataa hata kuzungumzia jambo hilo. Alichokubali mwishowe ni betri mbili za tochi, kwa sababu zake zililowa siku ile. Zote mbili, shilingi mia moja na ishirini.