Bomba la Mvua la Baba

Mimi sina subira, na nyumbani kwetu wote wanalijua hilo. Ndiyo maana sielewi hata leo ilikuwaje kazi ya kuchagua bomba la mvua ikaniangukia mimi. Kaka yangu alikuwa Mwanza kikazi. Mama alikwishatangulia mbele ya haki. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kuachika, nina chumba changu cha nyuma na ulimi wangu, basi.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye baraza ya nyumba yetu hapo Kariakoo akishona kanzu, na waliovaa kanzu zake walikuwa wengi kuanzia Gerezani mpaka Magomeni. Asubuhi moja mkasi ulimdondoka, alipotaka kuuokota mkono haukwenda. Upande wote wa kulia ulikuwa umepooza. Mguu ulirudi kidogo kidogo, akawa anatembea na mkongojo, lakini mkono haukurudi. Ulikaa pale mapajani kama kitambaa ambacho mwenyewe hajaja kukichukua.

Tabu kubwa ikawa kuoga. Bafu letu lilikuwa uani, tunalitumia sisi na wapangaji, na kuoga kulikuwa ni ndoo na kopo. Baba alijaribu kuchota kwa mkono wa kushoto, akateleza, akaanguka. Nikamwambia: baba, jifunge shuka, mimi nitasimama nyuma yako nikumwagie. Alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kulisahau, akaniuliza kama chai iko tayari. Wakaja wanaume wa jirani, watu wazima wenzie, nao wakajitolea. Aliwashukuru mmoja mmoja na kuwakatalia wote.

Basi akawa anajipangusa kwa kitambaa kilichoroweshwa, na msikitini hakwenda tena. "Sijatoharika," alisema. Shekhe mwenyewe alikuja kumweleza kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutayamamu kwa udongo badala ya maji. Baba akasema, "Ahsante sana, shekhe," kwa adabu zote, na Ijumaa ilipofika akabaki kitandani anasikiliza adhana. Nusu ya msikiti ule ilikuwa imevaa kanzu alizoshona yeye, naye yuko ndani na singlendi. Mimi iliniuma, nasema kweli. Nilikuwa naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa ili mradi nisikae kumwangalia.

Aliyeleta habari ya bomba la mvua ni mama wa chumba cha mbele, mpangaji wetu, mtu wa Lindi, ambaye zamani alikuwa yaya kwa Wazungu kule Oysterbay. "Mwenzangu, kule mtu anakaa tu," alisema. "Maji yanamjia yenyewe kutoka juu, hachoti, hainami." Nikampelekea baba habari hiyo. Alikuna ndevu kwa mkono wa kushoto.

"Kama ni maji, yawe maji," alisema. "Siyo manyunyu."

Hayo tu. Mimi nikachukulia kwamba amekubali, na kwamba kilichobaki ni kutafuta kichwa cha bomba kinachotoa maji mengi. Loo, laiti ningeuliza neno moja zaidi.

Miaka ile ukienda dukani unakwenda kuambiwa hakuna. Ilikuwa miaka ya foleni: ya sabuni, ya unga, ya khanga. Siku moja nilikuta foleni ndefu Mtaa wa Kongo, mtu akanihakikishia kuwa vimekuja vifaa vya bomba. Nikasimama mpaka miguu ikafa ganzi. Kufika mbele, malapa! Nikanunua malapa, maana ningefanyaje nami nimeshasimama.

Mwishowe nikaenda kwa mzee mmoja wa Kiarabu aliyekuwa na duka la misumari na makufuli karibu na soko.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hakuna."

"Mzee, sijasema ninachotaka."

"Chochote unachotaka, hakuna."

Nikamwambia mimi ni binti wa nani, yule fundi wa kanzu. Uso ukabadilika. Akauliza hali ya mgonjwa, akaingia nyuma ya pazia, akatoka na vitu viwili vilivyofungwa kwenye gazeti. Kimoja kilikuwa cha shaba, kipana kama kisahani, kimejaa vitundu vidogo vidogo visivyohesabika. Kingine kilikuwa kidogo, cha plastiki, na matundu machache makubwa.

"Kipi kinatoa maji mengi?" nikauliza.

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea maji."

Nilitamani kulia. Akanieleza kwamba kile kipana ndicho kikubwa, lakini kikubwa hutaka maji yenye nguvu, na maji ya Kariakoo nguvu hayana. Na kile kidogo ni kidogo, lakini matundu yake ni makubwa, kwa hiyo kikubwa ni kidogo na kidogo ni kikubwa, nimeelewa? Nikasema nimeelewa. Sikuelewa hata chembe. Wateja wawili waliokuwa nyuma yangu nao wakaingilia, mmoja upande wa shaba, mwingine upande wa plastiki, wakaanza kubishana wao kwa wao. Mzee akanihurumia. "Chukua vyote, mwanangu. Mtakachokikataa nirudishie. Baba yako hajawahi kunipunja hata kipande cha uzi."

Fundi bomba alitoka Magomeni na baiskeli yake. Alipandisha pipa juu ya matofali nje ya ukuta wa bafu, akapitisha bomba kutoka kwenye pipa hadi ndani, juu ya kichwa cha mtu. Koki akaiweka huku nje, chini ya pipa. Alisema bomba alilonalo ni fupi, halitoshi kushuka ndani mpaka mtu aifikie, na kwa siku zile lingine ungelipata wapi. "Si wewe utakuwepo, dada? Mzee akiwa tayari anagonga mlango, wewe unafungua." Nikaona ni jambo la akili kabisa.

Siku ya kujaribu, nyumba nzima ilihamia uani. Tulifunga kile cha shaba kwanza. Nikafungua koki. Maji yakachuruzika polepole, tone hili linangoja lile. "Kinalia!" akasema mama wa chumba cha mbele. Tukafunga cha plastiki. Hicho kikarusha mikondo mitatu kwenda ukutani na mmoja ukampata fundi machoni, katikati ambako mtu angekaa pakabaki pakavu. Mmoja akasema pipa lipandishwe. Mwingine akasema lishushwe. Mmoja akasema tatizo ni chumvi. Nahodha wengi, chombo huenda mrama; nikawafokea wote waondoke, na hawakuondoka.

Fundi akaketi chini na kile cha shaba, akatwaa msumari na nyundo, akaanza kupanua vitundu kimoja kimoja, tu, tu, tu. Alipokifunga tena na mimi nikafungua, ilishuka mvua ya masika! Watoto wakakimbilia ndani yake na nguo zao. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Yakiwa maji, ndiyo haya, nilisema moyoni, manyunyu tena hakuna.

Ijumaa nikamkokota baba mpaka bafuni, nikamkalisha kwenye kigoda, nikaweka sabuni karibu na mkono wake wa kushoto. "Ukiwa tayari, gonga." Nikafunga mlango wa bati nikasimama kwenye koki.

Nikangoja. Hakugonga. Nikakohoa ili ajue nipo. Mama wa chumba cha mbele alipita na beseni lake, akaniuliza kwa macho, nikamjibu kwa mabega. Baada ya muda mlango ukafunguka na baba akatoka, mkavu vilevile kama alivyoingia, mkongojo mkononi, akaelekea chumbani kwake.

"Baba, vipi? Maji?"

"Maji mazuri," alisema, akafunga mlango.

Mazuri? Ameyaona wapi? Nilikaa nikiwaza mpaka kichwa kikaniuma. Pengine anaogopa yatamwangukia kwa kishindo, mtu mwenyewe mgonjwa. Ijumaa iliyofuata nikamwita fundi akafunga kile cha plastiki, tukakigeuza geuza kisirushe ukutani. Baba akaingia, akakaa, akatoka mkavu. Nikarudisha cha shaba, nikaziba nusu ya matundu kwa sabuni. Mkavu. Fundi akaniambia, "Dada, mchagua jembe si mkulima," nikamjibu kwamba baba yangu hachagui, hata hajajaribu, na yeye fundi afunge mdomo wake ashike spana. Wapangaji sasa walikuwa wananicheka waziwazi. Kila mmoja alikuwa na kichwa cha bomba anachokijua, cha shangazi yake Tanga, cha hoteli fulani ya mjini, chenye maji mengi kushinda vyote.

Mara ya mwisho nilichoka. Alipotoka mkavu, nilisimama njiani kwake pale uani, mbele ya watu, jambo ambalo mtoto hamfanyii mzazi.

"Baba, unataka maji gani? Niambie! Mengi hutaki, kidogo hutaki. Nimezunguka Kariakoo nzima, nimepanga foleni mpaka nikanunua malapa. Wewe unataka maji gani?"

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Aliegemea mkongojo, akaashiria kwa kidevu ile koki chini ya pipa.

"Nani anafungua ile?"

"Mimi."

"Na nani anafunga?"

"Mimi, baba. Nani mwingine?"

"Basi ni wewe unayeniosha." Kisha akaongea taratibu, maana tangu augue maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida. "Mama, mtu mzima hukaa akamwagiwa maji na wenziwe siku moja tu. Siku hiyo naijua inakuja. Mbona mnanihimiza?"

Yarabi! Siku zote zile nilikuwa nahangaika na matundu. Sikumwuliza mtu mmoja kuhusu koki, si mzee wa duka, si fundi, na wote walikuwa na mengi ya kusema. Mama wa chumba cha mbele aliacha kucheka akaingia kwake. Mimi nilikwenda nyuma ya pipa nikalia, kisha nikapangusa uso, nikamtuma mtu kwa fundi.

Kipande cha bomba tulikipata kwa taabu, kimechakaa, cha nyumba iliyobomolewa upande wa Jangwani. Fundi alikishusha ukutani ndani ya bafu mpaka usawa wa mkono wa kushoto wa mtu aliyekaa kwenye kigoda, akafunga koki hapo. Kichwa kilikuwa kile cha shaba. Nilikuwa nimetoa sabuni yote kwenye matundu kwa njiti ya kiberiti.

Ijumaa baba akaingia mwenyewe. Akaniambia nisisimame pale. Nikaenda jikoni nikashika kisu na kitunguu, siviweki chini wala sikati. Kisha nikasikia. Maji yalishuka juu ya sakafu kwa kishindo, yakakatika, yakashuka tena, yakakatika. Alikuwa anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, mzee mzima, anachezea koki. Akamaliza pipa zima. Wapangaji walioamka usiku, saa maji yanapotoka, kulijaza walinung'unika, nami nikawaambia anayetaka kusema aseme na mimi. Hakuna aliyesema.

Alitoka na shuka kiunoni, maji yanamdondoka ndevuni, akaitisha kanzu. Nikamvalisha, kuvalishwa hakukataa. Akaenda msikitini kwa miguu yake na mkongojo wake, mimi nikamfuata kwa mbali mpaka kona, nikijifanya nakwenda kununua bizari.

Aliendelea hivyo kila Ijumaa kwa muda ambao Mungu alimjaalia. Kile cha plastiki nilimrudishia mzee wa duka, akaniuliza, "Umeelewa sasa?" Nikamwambia sijaelewa bado. Tukacheka.

Siku baba alipofariki, wanawake tulikaa ndani kama ilivyo desturi, na wanaume wakamtoa uani kumwosha. Wakazungushia shuka. Nilisikia ndoo zikiwekwa chini, nikasikia mtu akipima maji. Kisha kijana mmoja akasema, sauti yake nzuri tu, ya mtu anayetaka kusaidia, "Jamani, hapa si pana bomba la mvua? Tumweke chini yake, itakuwa rahisi."

Sikujua kama nimeinuka. Wanawake walinishika khanga, mama wa chumba cha mbele akaniziba mdomo kwa mkono, maana mwanamke hapigi kelele wakati kama ule. Niliutoa mkono wake.

"Hapana!" nilipiga kelele kupitia dirishani. "Lile anafungua mwenyewe! Chukueni kopo!"

Kisha nikasikia kopo likichota kwenye ndoo.