Sauti Iliyohamia Prosesa Nyingine

Baba yangu alikuwa akiuza vyombo vya jikoni kwa jumla Kariakoo tangu kabla sijazaliwa: sufuria, hotpoti, mabeseni, machujio. Macho yake yalipoanza kufifia kwa presha ya macho, sisi watoto tulidhani atafunga duka arudi Kilimanjaro akatunze migomba. Hakurudi. Alisema migomba nayo inataka mtu anayeona, ila sufuria yeye anaijua kwa kuigonga tu.

Kilichombakiza dukani ni programu inayosema. Iliandikwa na mteja wake, Mhindi mmoja wa Upanga, mhandisi mstaafu ambaye ujana wake wote ulipita akitunza kompyuta za ofisi moja karibu na bandari. Alikuja kununua masufuria makubwa ya karamu ya hekaluni, akamkuta baba akimwomba mpita njia amsomee maandishi ya kwenye boksi. Siku hiyo alilipa, akaondoka. Baada ya majuma kadhaa akarudi na kompyuta ya zamani, spika, na kibodi aliyoibandika vipande vya msasa kwenye baadhi ya vitufe ili vidole vivitambue. Baba akibonyeza, sauti ya mwanamke inamtajia bidhaa, bei yake na kiasi kilichobaki stoo.

Sauti ile ilikuwa ya mke wa mhandisi. Alikaa sebuleni kwake akatamka majina ya bidhaa na namba, neno moja moja, mumewe akirekodi. Baba hakuwa amewahi kukutana naye, lakini alimzoea kuliko majirani wengi. Alimwita shemeji wa kwenye kompyuta. Wateja walipokuwa wengi, nilimsikia akimwambia, "Subiri kidogo shemeji, nakuja."

Kisha umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ikaungua. Mafundi wawili waliifungua, wakaifunga tena.

Baba alikaa dukani bila shemeji yake. Binamu yangu alikuja kumsomea bei, na baba akamshukuru. Lakini kwenye chakula cha jioni aliniambia kwamba mtu akikusomea kila kitu, mwisho anaanza pia kukuamulia. Akaniomba niende Upanga nikamuulize yule mzee kama kuna namna. Safari hii alitaka mashine isiyokufa umeme ukichezacheza.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kwenye ofisi moja Posta, natengeneza kurasa za mtandao za mawakala wa forodha. Nilisomea kompyuta chuoni, nikapata alama nzuri, na bado kilichokuwa kikiendelea chini kabisa, ndani ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwangu kilikuwa kama bomba la maji chini ya barabara. Najua lipo, basi.

Mhandisi alinipokea kwenye nyumba yake ya ghorofani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijamaliza kueleza akawa ameshatoa kwenye droo bodi ndogo ya kompyuta, inayoenea kiganjani na inayoendeshwa na pawabenki ya simu. Tatizo, aliniambia, ni kwamba prosesa yake si ya ukoo mmoja na ile iliyoungua. Ile ilikuwa ya ukoo wa kompyuta za mezani, na hii ni ya ukoo wa zile zilizomo ndani ya simu. Kila ukoo una amri zake, na programu iliyoandaliwa kwa ajili ya mmoja haieleweki hata chembe kwa mwingine.

Lakini maandishi ya asili aliyoyaandika kwa mkono wake, kwa lugha ya programu iitwayo C, alikuwa ameyatunza. Yalihitaji kupitishwa upya kwenye kompaila, yaani ile programu inayochukua alichoandika mtu na kukigeuza kuwa amri za prosesa. Laptopu yangu ingeweza kuifanya kazi hiyo kwa niaba ya bodi, mradi tuipe kompaila inayotoa amri za ukoo wa pili. Nilikuwa nimesoma juu ya jambo hilo. Sikuwa nimewahi kulifanya.

Tulilifanya Jumamosi asubuhi. Kompaila haikulalamika hata mara moja. Tuliipeleka programu kwenye bodi, tukachomeka spika, nikabonyeza kitufe cha sufuria.

Ukatoka mkwaruzo. Ndani yake kulisikika kwa mbali kama mtu anaongea, mfano wa redio iliyokosa mawimbi huku mvua ya mawe inanyesha juu ya bati. Nikabonyeza hotpoti, yakawa yale yale.

Mzee aliamini kwamba kipande cha sauti cha bodi ni kibovu. Jumamosi iliyofuata alikuwa na bodi nyingine, ikakwaruza vile vile. Akabadilisha spika, akabadilisha waya, na kila alipobadilisha kitu alizidi kuwa mkali, si kwangu bali kwa waya. Nikaanza kufikiria maneno ya kumwambia baba.

Mkewe ndiye aliyetuamsha. Alitoka jikoni na chai na kachori, akaomba asikie tulichomfanyia. Nilimwekea neno moja. Aliinamisha kichwa karibu na spika, akaomba lirudiwe.

"Hapo mwanzo kabla ya kutamka nilinyamaza kidogo," alisema. "Mbona hata kimya changu kinakwaruza?"

Mumewe aliweka kikombe chini. Akaanza kunieleza taratibu, bila ule ukali. Sauti iliyorekodiwa ni mfululizo wa namba, zinapanda juu ya sifuri na kushuka chini yake. Kimya cha chumbani si sifuri tupu. Ni namba ndogo zinazotetemeka: moja, hasi moja, mbili, hasi mbili. Kama kimya kinapiga kelele, basi namba hizo ndogo zinaharibika njiani, kabla hazijaifikia spika yoyote.

"Tutazame asembli," alisema. "Ya pande zote mbili."

Kompaila ukiiomba husimama katikati ya kazi na kukuonyesha amri za prosesa zikiwa bado zinasomeka kwa macho, moja kwa kila mstari. Maandishi hayo ndiyo asembli. Tuliyatoa mara mbili kutoka kwenye kipande kile kile cha programu, kile kinachopandisha na kushusha sauti: mara ya kwanza kwa ukoo wa zamani, mara ya pili kwa ukoo mpya. Tukayaweka kwenye skrini ubavu kwa ubavu. Mzee alivuta kiti karibu na changu, akanisomesha kama mtu anavyomsomesha mtoto herufi. Hapa prosesa inachukua namba kutoka kwenye kumbukumbu. Hapa inazidisha. Hapa inarudisha. Amri za pande mbili hazikufanana kwa sura, lakini nilipoanza kuona kila moja inafanya nini, nilihisi kama nimefika mtaa mgeni nikakuta watu wanapika vyakula vile vile.

Isipokuwa mstari mmoja. Nilimwonyesha kwa kidole, sina uhakika. Upande wa zamani, prosesa iliposoma namba ilihifadhi alama yake ya hasi. Upande mpya iliisoma kana kwamba hasi haipo kabisa. Hasi tatu ilikuwa ikiingia kama mia mbili hamsini na tatu, kwa kuwa namba hizi zina nafasi mia mbili hamsini na sita tu na hasi huhesabiwa kurudi nyuma kutoka mwisho. Ndiyo maana kimya kilinguruma.

Nilidhani tumeikamata kompaila ikikosea. Mzee akatikisa kichwa. Lugha ya C, alisema, haikuamua aina ile ya namba iwe na hasi au isiwe nayo. Imeacha kila upande ufuate desturi yake, na kila kompaila ilifuata ya kwao. Yeye aliandika kwenye mashine moja, akasahau kwamba desturi ya nyumbani si sheria ya dunia. Alicheka hadi akafuta machozi. Tukaongeza neno moja tu mahali panapohusika, la kusema wazi kwamba namba hizi zina hasi, tukaipitisha tena.

Yule mama, mke wa mzee, akasikia sauti yake ikisema sufuria, safi kabisa. Aliniambia ninywe chai, imepoa.

Jumatatu yake niliomba ruhusa ofisini, nikaenda nao Kariakoo. Yule mama alisema anataka kuona duka ambalo ameongea ndani yake miaka yote hiyo. Baba alikuwa kwenye stuli yake. Niliiweka bodi karibu na mkono wake, nikamsogezea kibodi ile ile ya msasa. Alibonyeza. Alisikia hotpoti, bei na idadi, akabaki ameshikilia meza kwa mikono miwili.

"Karibu tena, shemeji," aliiambia spika.

"Ahsante, shemeji," yule mama akajibu, akiwa amesimama mlangoni.

Baba alinyanyuka. Kisha alinyoosha mkono kuelekea ilikotoka sauti, yule mama akaupokea, na baba akamshukuru kwa kazi yote, akimtajia moja moja zile bidhaa alizomsomea. Baba si mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alisema mengi.

Mwaka ule ule niliacha kazi ya Posta, na sasa kazi yangu ni kuandaa programu za wengine ziende kwenye prosesa za kila namna. Ni kazi nisingejua kwamba ipo kama mzee yule asingevuta kiti chake. Bado naenda Upanga Jumamosi nyingi. Juzi alinipigia simu kwamba amepata bodi ya ukoo wa tatu, asiyoijua hata yeye, na kwamba amri zake zinapendeza sana kusoma. Nimemwambia naleta laptopu, na baba ameomba nimchukue twende wote.